Waliokuwa Chini ya Sakafu

Siku hiyo Arua iliamka vizuri. Mvua ilikuwa imelaza vumbi, na wanawake sokoni walitandaza samaki wakavu huku wakiulizana habari za watoto. Ilikuwa mwaka 1993. Driciru wa mtaa wa Dadamu, mjane aliyekulia mjini humo, alikubali kumtembeza kwa miguu mgeni mmoja aitwaye Nora, Myahudi aliyetoka Ulaya kutafuta nyumba ya ndugu wa babu yake.

Njiani Nora alimsimulia. Wakati wa vita vya Wazungu, Wayahudi wa mji wao waliposakwa nyumba kwa nyumba, ndugu huyo wa babu alijificha chini ya sakafu ya jirani mpaka vita vikaisha. Ndugu zake karibu wote waliuawa. Yeye akaenda mbali kadiri alivyoweza, akafika Arua, akafanya biashara ya tumbaku na ngozi hadi kifo chake. Nyumba yake ilikuwa na alama moja: kwenye mwimo wa mlango alichonga kijishimo cha mshazari, akaweka humo maandishi ya maneno ya Mungu, kama ilivyo desturi yao.

Driciru aliijua alama hiyo. Tangu arudi kutoka ukimbizini Zaire, hakuwahi kupita barabara ya nyumba hiyo.

Walipita maduka yaliyobomoka na kuta zilizotobolewa kwa risasi. Nora aliuliza matundu yale ni ya lini. Ya mwaka wa themanini, Driciru alijibu. Kadiri walivyokaribia, majibu yake yalizidi kuwa mafupi.

Nyumba ilisimama peke yake, madirisha yakiwa wazi kama macho ya maiti. Uani mzee Yakani, jirani, alikuwa akipalilia mihogo. Aliwaeleza kwa sauti ya chini kwamba yule Myahudi hakuweza kulala kwenye nyumba isiyo na maficho, ndiyo maana alichimba chumba chini ya sakafu. Mwaka wa themanini, wanajeshi walipoingia mjini, majirani kadhaa walijificha humo. Okuonzi, mume wa Driciru, alikuwa mmoja wao. Wanajeshi wakaichagua nyumba hiyo hiyo kuwa kambi, wakakaa majuma mengi. Waliokuwa chini hawakuthubutu hata kukohoa. Walipoondoka na shimo kufunguliwa, hapakuwa na mtu. Wala mfupa. Likazibwa kwa saruji.

"Mama," Yakani alimwambia Driciru, "ingia, angalia, toka. Kama iko mutu anauliza kitu, wewe usijibu."

Ndani kulikuwa na baridi. Nora aligusa kijishimo cha mlangoni, akabusu vidole vyake, akaanza kuomba kwa lugha ya wazee wake. Driciru alisimama katikati ya chumba. Jua la mchana lilikuwa limelala sakafuni.

Kitu kikakwaruza.

Nora akanyamaza. Kikakwaruza tena, chini ya miguu yao. Kama kucha. Kisha ikaja sauti, kavu, ya taratibu. Driciru angeitambua popote.

"Driciru. Wamekwenda?"

Nora alimshika mkono, amvute nje. Driciru hakusogea. Onyo la Yakani alilikumbuka. Lakini Okuonzi alikuwa bado amejificha. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba vita vimekwisha. Angemwachaje angoje tena?

Akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye saruji.

"Wamekwenda," alinong'ona. "Toka sasa. Twende nyumbani."

Saruji haikupasuka. Ila baridi ilianza kupita kati yao, kidogo kidogo, ikielekea mlangoni. Bega likamgusa Driciru. Harufu ya udongo. Pumzi ya mtoto kwenye kiwiko. Walikuwa wengi. Wengi kuliko majirani. Nora akaanza kulia, kwa sababu baadhi yao walinong'ona kwa lugha ya babu yake.

Walipotoka, jembe la Yakani lilikuwa chini. Mwenyewe alikwishakimbia.

Usiku huo Driciru alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu vita. Asubuhi alikwenda kuchota maji ya chai. Mitungi aliyoijaza jioni ilikuwa mikavu mpaka chini. Nyayo za miguu mitupu, mbichi bado, za wakubwa na za watoto, zilitoka mitungini zikaingia chumbani mwake, zikafika kitandani, zikaishia uvunguni.

Hakukuwa na unyayo hata mmoja uliotoka.