Kisanduku Chini ya Kenta

Viatu viwili vilichomoza chini ya kenta ya Nyasuguta, lori lake dogo la mizigo, pale sokoni Oyugis, na mwenye viatu hakuwa na haraka ya kutoka.

“We! Unaiba springi?”

“Naziangalia tu, dada. Gari lako linatikisika mpaka raha. Umeme mtupu unapotea barabarani!”

Alikuwa Wangwe, fundi wa kisiwa cha Mfangano, ovaroli imejaa grisi, meno meupe pe. Nyasuguta, jinzi imemkaa, kitambaa chekundu kichwani, alitaka kumfokea akajikuta anacheka. Basi tena, mambo yakaanza.

Wangwe akamfungia kisanduku kando ya springi: ndani sumaku na waya ulioviringwa. Gari likitikisika, sumaku inacheza, taa ya mizigo inawaka. Nyasuguta akawa anapeleka nyanya kutoka Migori hadi Homa Bay, na simu haitulii.

“Umekula, jaber, mrembo wangu?”

“Nimekula mashimo ya barabara.”

“Basi taa imeshiba!”

Ila Nyasuguta aliwahi kumkimbia mume aliyempigia kila kituo: uko wapi, uko na nani. Kuendesha bila kuulizwa ndiyo raha aliyoilipia kwa machozi.

Siku moja Wangwe akatania, “Leo gari limesimama sana. Nani huyo anakuchelewesha?”

“Umejuaje limesimama?”

“Si kisanduku kinatuma vipimo vya umeme kwa simu yangu? Umeme ukikatika, najua.”

Lo! Nyasuguta akaingia mvunguni na spana, akaking’oa, akazima simu.

Wangwe akamfuata Migori. Hakujitetea. Akafungua kisanduku mbele yake, akatoa kile kidude cha kutuma, akakivunja kwa kisigino.

“Nilianza kupima umeme, nikaishia kukupima wewe. Nisamehe. Sitakuuliza tena uko wapi.” Akarudi kwao kisiwani.

Ungedhani Nyasuguta angetulia. Wapi! Alikula bila kuonja, akaosha kenta iliyokuwa safi, akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Hakuna aliyemuuliza yuko wapi, na jamani, iliuma.

Mchana mmoja akapiga.

“Mbona huniulizi niko wapi?”

“Niliahidi.”

“Uliza, bwana, kabla sijakasirika!”

Wangwe akatii. “Uko wapi?”

“Mbita, nangoja feri ya kuja kisiwani kwenu. Mwambie mamako asonge ugali wa kutosha. Nakuja kumwambia mimi mwenyewe kwamba mwanawe namchukua.”