Jina Juu ya Dirisha

Picha ya Mzee Bwanausi ilifunguka kwenye skrini ya kushoto, na Nadhira hakuwa ameitaka huko.

Alisonya tu. Duka lake la picha na uchapaji, pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo, lilikuwa na kompyuta moja yenye skrini mbili. Ya kulia ilikuwa mpya, ya kufanyia kazi. Ya kushoto ilikuwa kuukuu, aliinunua mnadani hoteli moja ya ufukweni ilipofungwa, akaigeuza iwatazame wateja ili waone sura zao kabla hazijachapwa. Desturi yake ilikuwa kufungua picha kulia, kuisafisha, kisha kuivuta kushoto mwenyewe aione. Sasa dirisha lenye sura ya mzee lilikuwa limejiendea lenyewe, jina lake limeandikwa juu, na nyuma ya ile skrini kukatoka harufu ya udi iliyochanganyika na matope ya mikokoni.

"Mbona nimetazama pembeni, mwanangu?" aliuliza Mzee Bwanausi kutoka kwenye kiti cha wateja. "Si uliniambia nitazame mbele?"

Kweli, kwenye picha mzee alikuwa amegeuza shingo kidogo, kama mtu aliyeitwa. Nadhira akampiga nyingine, wakataniana, mzee akaenda zake. Magharibi ya siku ile wajukuu zake walimsikia akisema "Naam" mlangoni, akatoka na msuli wake kiunoni. Kulipokucha akakutwa kifudifudi ufukweni, kwenye maji yasiyofika hata magotini.

Watu wakasema ni uzee. Haya, uzee. Lakini aliyefuata alikuwa Raya, msichana aliyeleta picha ya kadi za harusi yake, na yeye hakuwa na uzee wa kusingiziwa. Dirisha lake lilirukia kushoto vilevile, shingo ikageuka vilevile, na jioni mama yake akamsikia akiitika "Abee" akiwa uani peke yake. Hina ya mikononi ilikuwa bado haijakauka walipomtoa majini.

Nadhira akampigia simu binamu yake Masoud, fundi wa kompyuta aliyekuwa Dar.

"Umeniwekea kitu gani humu ndani?"

"Linux, dada. Haina virusi, haina longolongo. Kwani vipi?"

"Madirisha yanafunguka yanakotaka yenyewe."

Masoud akacheka. "Programu haijichagulii skrini. Kuna msimamizi wa madirisha, huyo ndiye anayeliambia kila dirisha likae wapi. Usipompa amri anabahatisha, mara palipo mshale, mara alikozoea. Mpe amri."

Akamwelekeza kwa simu, hatua kwa hatua. Kwenye mipangilio kulikuwa na mahali pa kuandika kanuni: dirisha likiwa na neno fulani kwenye jina lake, lifunguke skrini fulani. Mwisho kabisa unachagua neno moja, Lazimisha, na msimamizi hana ujanja tena. Wakaandika kanuni ya kwanza: picha zote, kulia, lazimisha.

Msimamizi akatii. Skrini ya kushoto ikabaki tupu, nyeusi, lakini harufu ikazidi, na wateja wakaanza kukisogeza kiti mbali nayo bila kujua kwa nini.

Hapo ndipo Nadhira alipomwita Bi Mwanajuma, mganga wa Mlingotini, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito na maneno machache.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Mganga hakukaa. Alisimama mbele ya skrini ya kushoto, akanusa, akarudi nyuma. "Hiki kioo kina mwenyewe," alisema kwa kunong'ona. "Huyu ni mwitaji. Kazi yake ni kuita tu. Lakini hana majina ya watu, mpaka apewe."

"Na nani?"

"Na wewe." Akaelekeza kidole kwenye ule ukanda wa juu wa dirisha, pale panapoandikwa jina la picha. "Madirisha ya nyumba mnayafunga Magharibi kwa Bismillahi, kila mtoto wa Pwani anajua. Haya ya humu mnayaacha wazi, tena mmeyaandika majina juu."

"Akishapewa jina?"

"Huja Magharibi akaita. Ukiitika mara moja tu bila kumwona, umekwisha. Usipoitika hakugusi, lakini lile jina halirudishi. Hulitembeza mpaka apate wa kuitika." Mganga akafunga mkoba. "Ijumaa nitakuja na vitu vyangu, tukakizike mikokoni. Mpaka siku hiyo usimpe jina jingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Kusikia alisikia.

Jioni ile Nadhira alimkalisha binti yake barazani. Mtoto alikuwa darasa la pili, na katika dunia hii hapakuwa na kitu Nadhira alichokipenda kuliko yeye. Cheti chake kilikuwa na jina la bibi yake mzaa baba, lakini kwa adabu za Pwani mke hatamki jina la mama mkwe, hata kama mkwe yuko kaburini. Kwa hiyo tangu mtoto alipotolewa arobaini nyumba nzima ilimwita Bimkubwa. Jina la cheti liliishi shuleni, midomoni mwa walimu.

"Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike."

"Hata ukiwa wewe, mama?"

"Hata nikiwa mimi. Nikikutaka nitakuja nikushike mkono."

Bimkubwa akafikiri. "Na mwalimu je?"

"Aa, mwalimu muitikie upesi, usije ukachapwa."

Kesho yake Bilali akaja kumchukua mtoto akalale Kerege. Bilali alikuwa mumewe Nadhira, nusu mume tuseme, maana nusu nyingine ilikuwa huko Kerege kwa mke wa pili, msichana mpole mwenye mimba. Nadhira alikuwa ametafuta sababu ya kumchukia akaikosa, na kukosa sababu kulimuuma kuliko uke wenza wenyewe. Jina lake hakulitaja kamwe. Alimwita "yule".

Bimkubwa alirudi amesukwa mabutu mazuri, kila mstari umenyooka.

"Mama mdogo kanisuka! Kanipa na visheti. Na mimi nimemfundisha kitu, nimemwambia..."

"Nenda kaoge."

"Lakini mama, nimemwambia..."

"Kaoge nimesema!"

Nadhira alikaa akiyatazama yale mabutu usiku mzima kichwani mwake. Mume amechukuliwa, sasa na mtoto naye anasukwa. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na asubuhi alipofungua duka alikwenda moja kwa moja kwenye mipangilio akaongeza kanuni yake mwenyewe juu ya ile ya Masoud, maana iliyo juu ndiyo hutiiwa.

Vidole vilisita mara moja tu, kwenye jina. Hajra. Miaka yote ya ndoa mdomo wake haukuwahi kulitamka, kwa sababu marehemu mama mkwe naye alikuwa Hajra. Akasita, akawaza, kisha akacheka peke yake. Mama mkwe yuko kaburini, na maiti haitwi mara mbili. Akaandika: dirisha lenye neno Hajra, skrini ya kushoto. Akachagua Lazimisha.

Picha aliitoa kwenye simu, ile Bilali aliyomtumia kwa ujinga wake siku ya harusi. Akaipa jina, akaifungua. Dirisha likarukia kushoto kama aliyeitwa kula. Hajra wa Kerege alikuwa akitabasamu mbele, kisha tabasamu likabaki palepale na shingo ikageuka, taratibu, mpaka mshipa ukaonekana.

"Nenda," Nadhira alimwambia aliyemo. "Nimekupa."

Na moyo wake, tusimfiche, ulikuwa mwepesi. Usiku ule alikula akashiba. Kanuni hakuifuta. Pengine mara moja haitoshi, alisema.

Alhamisi alasiri mwalimu wa shule akaleta fleshi yenye picha za wanafunzi, vitambulisho vinatakiwa Jumatatu. Jua lilipokaribia kuzama Nadhira alizichagua zote kwa mkupuo, akaamuru zifunguke, na madirisha yakaanza kujipanga kulia moja juu ya jingine, vitoto vyenye kola nyeupe, kila kimoja na jina lake juu kama lilivyoandikwa na shule. Abdulswamad. Ashatu. Yeye hakuyasoma. Sikio lake lilikuwa kwenye simu, alikuwa akingoja Bilali apige akilia.

Simu ikaita. Namba ilikuwa ya Kerege.

"Dada, shikamoo."

Sauti ilikuwa ya yule.

"Nisamehe kukusumbua, dada. Jana Magharibi nimeitwa mlangoni kwangu. Sauti ya mwanamume, nzuri, ya adabu, inanijua jina. Wallahi nilikuwa nishafungua mdomo niitike. Nikakumbuka alivyonifundisha Bimkubwa siku ile namsuka, kwamba ukiitwa na humwoni, kaa kimya. Nikakaa kimya. Kaita, kaita, halafu nikasikia miguu inaondoka, miguu ya majimaji." Akavuta pumzi. "Nimepiga nikwambie ahsante. Umemlea mtoto, dada."

Harufu ya udi ilimpiga usoni. Nadhira akageuka.

Dirisha moja lilikuwa limeachana na wenzake. Lilikuwa peke yake kwenye skrini ya kushoto, na ndani yake mtoto mwenye mabutu yaliyonyooka alikuwa anageuza shingo, taratibu, kwa utiifu, na juu yake maandishi ya shule yakisema Hajra Bilali.

"Dada? Upo, dada?"

Aliiacha simu ikisema mezani, akaliburuta dirisha kwa kipanya kulirudisha kulia nalo likarudi kushoto kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelazimisha, akalifunga likafunguka, akang'oa waya ukutani na skrini ikazima lakini ile shingo akaendelea kuiona gizani ikimaliza kugeuka, akatoka bila kufunga mlango, bila kanga kichwani, akakimbia kwenye vichochoro huku adhana ya Magharibi ikianza na watu wakifunga madirisha yao moja baada ya jingine, Bismillahi, Bismillahi, komeo baada ya komeo, na yeye akipiga kelele Bimkubwa, Bimkubwa usiitike, akijua ndani ya kelele hizo hizo kwamba siyo jina hilo linaloitwa, kwamba jina linaloitwa hajawahi kumfundisha mwanawe kuliogopa, akajaribu kulitamka, lile jina, mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa, na ulimi ulioizoea adabu ukamganda mdomoni mpaka alipofika barazani.

Daftari la hesabu lilikuwa wazi juu ya mkeka, penseli imelala katikati. Jirani yake, Bi Mwajabu, alikuwa upande wa pili anapepeta mchele.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mbona unahema hivyo, mwanangu? Si kaitwa na mwalimu wake."

"Mwalimu gani?"

"Mie sikumwona, nimesikia sauti tu, hapo kwenye kona ya kwenda pwani. Sauti ya adabu. Hajra, Hajra. Nikadhani kakosea nyumba." Bi Mwajabu akautikisa ungo, pumba zikaruka. "Lakini mwanao una haki ya kujivunia. Kaitwa mara moja tu, kasimama wima. 'Abee, mwalimu!' Katoka mbio peku, hata viatu hakuvaa, asije akachapwa."