Kuni za Kuwaotesha Wageni

Maiti ya meneja wa hoteli ililala chali kwenye mchanga mkavu, kisogo kimepasuka, suruali imelowa maji ya chumvi. Baridi ilikata masikio. Inspekta alishapandwa na hasira kabla hajavaa glavu, maana mwenye hoteli alikuwa amemng'ang'ania mkono.

"Mwondoeni upesi, mama. Wageni wanataka kushuka ufukweni."

"Niachie mkono."

"Muuaji si mmeshamkamata? Mpishi! Jana waligombana, kila mtu kasikia."

Mpishi alikuwa ndani ya gari la polisi, ana pingu, analia kwa kwikwi. Koplo aliona kazi imekwisha. Inspekta alifuata michirizi ya visigino mchangani ikishuka mpaka penye mwani uliotupwa na maji yalipojaa. Hapo ikafutika.

"Koplo, ungemuua mtu pale chini, ungefanyaje?"

"Ningetoka mbio, afande. Maji yakijaa yangembeba."

"Muuaji huyu kamburuta mpaka yasipofika maji. Kwa nini?"

Koplo akakuna kichwa.

Inspekta alizaliwa na wavuvi, ingawa si wa hapa. Kwao maiti haiachiwi bahari, hata iwe ya adui. Mpishi alikuwa mtu wa bara. Wavuvi wa hapa walihamishwa wote kuipisha hoteli, akabaki mzee mmoja tu, mlinzi wa geti.

Karibu na maiti palikuwa na rundo la jivu. Inspekta akalichokoa, ikatokea misumari mirefu ya mashua.

"Moto wa nini huu?"

"Wageni waliona baridi jana," mwenye hoteli akajibu. "Meneja akawatafutia kuni. Kulikuwa na mashua moja mbovu pale."

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Takataka ile! Ilikuwa inatuharibia mandhari."

Inspekta aliuma meno asije akamtukana. Akaenda kwenye kibanda cha mlinzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mashua iliyochomwa ni ya nani?"

"Ya kijana wangu."

"Yuko wapi?"

"Alitoka nayo kuvua. Ilirudi yenyewe."

"Meneja alijua?"

"Nilimpigia magoti! Akacheka. Akanipa shoka, akasema nipasue mimi, wageni wanaganda." Akainua viganja vyake, akavitazama. "Nikapasua. Mimi mwenyewe! Wageni wakanipiga na picha. Walipoingia kulala, yeye akashuka kwenye maji, anaongea na simu, bado anacheka. Nikamfuata na shoka lile lile."

"Mpishi ana pingu kwa ajili yako. Umemwona?"

"Nimemwona. Ndiyo maana sijakimbia."

Inspekta alimkasirikia marehemu, akamkasirikia mwenye hoteli, na zaidi akamkasirikia mzee huyu aliyemlazimisha kufanya kazi yake.

"Ungemwacha tu pale chini, baba. Bahari ingemchukua, nami nisingekupata."

Mzee aliruka kama aliyetukanwa.

"Ana mama yake yule! Mimi mpaka leo nashinda nayakodolea macho maji haya, nasema labda leo. Unataka nimfanyie mama wa watu hivyo?"

Inspekta alimwita koplo, akaagiza mpishi afunguliwe, kisha akamfunga mzee pingu kwa mkono wake mwenyewe. Akatoka nje akitamani kumpiga mtu.