Fungate ya Kuku wa Bimkubwa

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Bimkubwa alivaa buti za mumewe akaenda uani kuwafungulia kuku wake. Buti zilikuwa kubwa mno. Ncha zake zilifika bandani kabla ya mwenyewe.

Bimkubwa na mumewe, Vuai, waliishi Riverdale Park, Maryland. Bimkubwa alipika katika nyumba ya kutunzia wazee kule Wheaton. Vuai alikuwa amestaafu udereva wa basi. Kazi yake sasa ilikuwa kupiga soga na kutia chumvi.

Kuku walikuwa wanane. Sita walikuwa kishingo, wale ambao shingo zao hazina manyoya. Mama yake Bimkubwa aliwafuga kuku wa aina hiyo huko Makunduchi, Unguja. Kwa hiyo Bimkubwa aliwatafuta kishingo katika majimbo mawili mpaka akawapata. Muuzaji akamwongezea wawili wa madoadoa, wanene, wenye vichwa vidogo. Bimkubwa aliwapokea kwa adabu tu. Hakuwapenda.

Baridi ilipokaribia, alilifunga banda lote kwa mablanketi na plastiki. Aliziba kila tundu.

"Hata siri haitoki humo ndani," Vuai alisema.

Januari ikaja. Asubuhi moja baridi ilikuwa kali kweli. Vuai anaapa kwamba siku ile yai lilianguka, likavunja kigae cha uani, na lenyewe likabaki zima. Lakini mle bandani hamkuwa na cha kuchekesha. Kishingo wanne walikuwa wamekufa. Wawili walibaki hai, lakini panga zao zilikuwa nyeusi. Upanga ni ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa cha kuku. Kabla ya wiki kwisha, na hao wawili wakafa.

Bimkubwa hakulia. Alisimama uani, mikono kiunoni.

"Nisipoweza kuwalinda, sistahili kuwafuga," alisema. "Najaribu mara moja tena tu. Baridi ijayo, akifa hata mmoja, banda tunalivunja."

"Na mimi nikifa kwa baridi?" Vuai aliuliza.

"Wewe una blanketi."

Akamwita Jeptoo. Jeptoo alikuwa Mkenya kutoka Nandi, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alisomea mifugo, na kazi yake ilikuwa kuzungukia mashamba ya kuku. Alikuja na tochi. Hakuanza kwa kuwatazama kuku. Alipapasa dari ya banda.

"Mama, hebu shika hapa."

Bimkubwa alishika. Mkono wake ukalowa.

"Maji yametoka wapi? Mvua haikuingia!"

"Ni pumzi ya kuku na mavi yao," Jeptoo alisema. "Umeufungia mvuke ndani. Kuku mkavu anastahimili baridi. Kuku aliyelowa anaganda. Upanga unaganda kwanza, halafu vidole."

"Kwa hiyo unataka nitoboe matundu kwenye baridi hii? Mwanangu, una homa?"

"Toboa juu, chini ya paa, kupita vichwa vyao wakilala. Mvuke utoke huko. Huku chini ziba, upepo usiwapige. Weka maranda makavu ya mbao. Na hizi fito nyembamba wanazolalia, toa. Weka ubao mpana, ndio wakilala wakalie vidole vyao."

"Mimi nilitaka kuwawekea taa ya joto," alisema Vuai.

"Wacha hiyo, Mzee. Ikianguka kwenye maranda, utapata kuku choma na nyumba choma."

Kisha Jeptoo akawaelekezea tochi wale wawili wa madoadoa. Walikuwa wamekaa kimya, wamevimba manyoya, kama wageni wanaosubiri chai.

"Hawa je? Walikuwa banda hilohilo."

Bimkubwa aliwatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Panga zao zilikuwa fupi, zimelala juu ya kichwa. Zilikuwa nyekundu bado.

"Kishingo ni kuku mzuri sana," Jeptoo alisema, "lakini ni wa joto. Shingo tupu inapoza mwili. Kwenu Zanzibar hiyo ni faida. Hapa ni hasara. Wa hapa awe na mwili mzito, manyoya mengi na upanga mdogo. Mama, mbegu unayo tayari. Zalisha kutokana na hawa."

Bimkubwa alikuwa anamwona mama yake akilini, na kuku wake wa shingo tupu wakimfuata.

"Haya," alisema mwishowe. "Tutazalisha hawa."

Wiki hiyohiyo alitoboa matundu chini ya paa, akaweka maranda na ubao mpana. Lakini palikuwa na tatizo moja. Kibali chao cha kufuga kiliruhusu kuku majike tu. Jogoo huwika, na majirani hulala. Jeptoo akawapeleka kwa Ndirangu, mfugaji mwenye shamba, mwendo wa saa moja kwa gari. Alihakikisha kwanza kwamba kuku wa pande zote mbili hawana chawa wala ugonjwa.

Mwezi wa tatu, kuku wawili walisafiri katika kiti cha nyuma.

"Wanakwenda fungate," alisema Vuai. Kila waliposimama kwenye taa za barabarani, aliwapigia vigelegele. Dereva wa gari la pembeni alifunga kioo.

Ndirangu alikuwa na majogoo wawili. Wa kwanza alikuwa mrefu, anang'aa, na upanga wake ulisimama kama msumeno. Wa pili alikuwa mfupi, mnene, mwenye manyoya tele. Upanga wake ulikuwa kama punje ya karanga.

Moyo wa Bimkubwa ulikwenda kwa yule mrefu. Alifanana na jogoo wa mama yake.

"Huyu mrembo upanga wake uliganda mwaka juzi," Ndirangu alisema. "Aliumwa sana. Mayai ya miezi ile hayakutoa kifaranga hata mmoja. Sasa uamuzi ni wako, Mama."

Bimkubwa aliwakumbuka wale sita.

"Nipe huyo mfupi."

"Masikini wanangu," Vuai aliguna. "Nimewaoza kwa bwana asiye na sura."

Fungate ilikuwa wiki mbili. Waliporudi nyumbani, Bimkubwa alikusanya mayai yao kwa wiki nzima, kwa sababu mbegu ya jogoo hubaki tumboni mwa kuku siku kadhaa. Hakuyaweka kwenye friji. Aliyaweka mahali pa ubaridi kidogo, ncha kali chini. Kuku mmoja alipoanza kulalia kiota, akamwekea mayai kumi. Baada ya siku ishirini na moja, walitoka vifaranga wanane.

"Aprili ni wakati mzuri," Jeptoo alisema. "Baridi ikifika, watakuwa wamejaa manyoya."

Watatu walikuwa majogoo. Walipelekwa kwa Ndirangu kabla ya kuanza kuwika. Mmoja wa mitetea aliota upanga mrefu. Alikuwa mzuri, na Bimkubwa alimpenda.

"Huyu simzalishi," alijiambia. Akampa Jeptoo, akapikwa kwa wali wa nazi. Wanne wakabaki na mama zao wawili. Mwaka uliofuata angeomba jogoo mwingine, wa ukoo tofauti, ili ndugu wasizaane.

Januari ikarudi. Siku moja theluji ilifika magotini. Vuai anasema ilifika kwenye dohani, juu ya paa. Nyuzijoto zilishuka hadi kumi na mbili chini ya sifuri.

Alfajiri, Bimkubwa alivaa buti. Alikokota miguu mpaka bandani. Mkono wake ulikaa juu ya komeo muda mrefu. Kisha akafungua.

Juu ya ubao mpana walikaa kuku, wamevimba kama mito ya kitandani. Alipapasa dari. Kavu. Akashika vichwa, kimoja kimoja, akitazama upanga. Mwekundu. Mwekundu. Mwekundu. Alihesabu mpaka sita, akarudia tena.

"Wote?" Vuai aliuliza nyuma yake.

"Wote." Akatoa yai kiotani. Lilikuwa na joto bado.

Aligeuka. Vuai alisimama kwenye theluji bila kofia, kipara kinang'aa, shingo ndefu iko wazi, masikio yamewiva.

"Mume wangu," alisema Bimkubwa, "ungekuwa kuku, nisingekupeleka fungate."

"Lakini ulinichagua."

"Nilikuchagua Unguja. Kulikuwa na joto."

Akavua skafu yake ya sufu, akamzungushia kichwa na shingo mpaka pua tu ikabaki nje. Kisha akamtia lile yai mkononi.

"Peleka jikoni. Na usilidondoshe. Vigae vimebaki vichache."