Alama Ndani ya Mfuniko

—Dada fundi, niambie ukweli hata kama unauma. Hii saa ni orijino au feki?

Binti aliilaza saa juu ya meza yangu ya kazi kwa uangalifu wote. Nikavaa lenzi yangu ya jichoni. Miaka kumi na mmoja nafungua saa za watu, na swali hilo nimeulizwa mpaka basi.

—Umeinunua wapi, mdogo wangu?

—Nimepewa na mchumba wangu. Shoga yangu kanicheka, eti nimevishwa bati! Nimepanda magari mawili kukufuata, kila ninayemuuliza ananielekeza kwako.

—Basi tulia. Kwa nje haina ubaya. Maandishi yamekaa sawa, mshale wa sekunde unateleza bila kurukaruka. Lakini feki za siku hizi zina hila, lazima niifungue.

—Fungua tu. Ikiwa feki, leo leo nampiga chini.

Tukacheka wote wawili. Nikafungua mfuniko wa nyuma.

Jamani, sisi mafundi tuna desturi yetu. Ukishaihudumia saa ya thamani, unakwaruza alama yako ndogo kwa ndani ya mfuniko, pamoja na tarehe, ili ikirudi ijulikane nani aliigusa. Mle ndani kulikuwa na alama sita. Tano ni pembetatu, ya sita nusu duara, tarehe ya mwezi wa tatu mwaka huu.

Pembetatu ni ya Baba. Nusu duara ni yangu mimi!

Bisibisi ikanidondoka.

—Vipi, dada? Ni feki?

Saa za aina hii nafungua nyingi, na mkanda ulikuwa mpya, ndiyo maana sikuitambua kwa nje. Saa ile Baba aliivaa miaka thelathini. Macho yalipomwisha nguvu, karakana akaniachia mimi, na saa akamvalisha kwa mkono wake mwenyewe mwanaume ninayefunga naye ndoa Jumamosi hii. Mwezi wa tano mwanaume huyo akaja kwetu shati limechanika, anatetemeka, eti kaporwa njiani. Nililia mimi! Baba ndiye aliyembembeleza: "Uhai kwanza, mwanangu. Saa ni chuma tu."

—Mdogo wangu, una picha ya huyo mchumba?

Akanipa simu huku anatabasamu. Mungu wangu! Alikuwa yeye, meno yote nje, ndani ya shati nililompigia pasi Jumapili kwa mikono yangu hii.

Papo hapo simu yangu nayo ikalia. Ujumbe: "Mke wangu, niko kwa fundi nguo, suti imenikaa hiyo! Naona Jumamosi haifiki tu."

—Dada, kuna nini?

—Mpigie mchumba wako. Weka spika, mwambie saa ni orijino. Nitakueleza.

Akapiga. Ikapokelewa upesi.

—Niambie, mpenzi.

—Mpenzi, niko kwa fundi. Saa ni orijino kabisa!

—Unasema? Fundi gani huyo?

—Si ufurahi, jamani?

—Usimwachie mtu hiyo saa! Nakuja kuichukua sasa hivi. Mimi niliipeleka kuiuza kwa jamaa mmoja sokoni, akaitikisa sikioni, akasema feki. Ningejua ni orijino ningekupa wewe?

Mimi nikainamia simu.

—Hujambo, bwana harusi? Wale waliokupora ndio wamekurudishia?

Nilimsikia fundi nguo kwa mbali akimwambia, "Nyoosha mkono, bwana, nipime." Kisha simu ikakatwa.

—Bwana harusi? Harusi ya nani?

—Yangu. Jumamosi.

—Uongo!

Akajishikilia kwenye kiti, akakaa.

—Mimi kaniambia mwezi ujao anakuja kwetu kujitambulisha. Mama keshapaka nyumba rangi, dada. Keshapaka rangi!

Tulitazamana. Nilitafuta hasira ya kumpa nikaikosa. Mtoto wa watu alikuwa hana hili wala lile. Akaisukuma saa upande wangu.

—Chukua. Nisamehe, sikujua.

—Huna kosa, mdogo wangu.

Simu yangu iliita mara nne, jina lake linamulika. Sikuigusa. Ilipokoma, nikampigia Baba.

—Baba, ile saa imepatikana.

—Wewe! Imepatikana wapi? Na mwizi wamemkamata?

—Mwizi naye kapatikana, Baba. Ni yule yule uliyemvalisha.

—Funga karakana uje nyumbani, mwanangu. Wageni wa Jumamosi nitawapigia mimi mwenyewe.