Dada Yangu Alipokuja Kunikomboa

Jamani, dada yangu wa tumbo moja kaniuza mchana kweupe... na alidhani ananiokoa!

Naitwa Biubwa, wa hapa Kisarawe. Nilikuwa ndani, mwali, chumbani kwa bibi Sikudhani. Msishtuke. Nilijiweka mwenyewe.

Baba alishakubali posa ya Mwinjuma, mfanyabiashara wa Mlandizi. Mimi simtaki, na kumwambia baba niliogopa. Sasa, nilipovunja ungo nilikuwa shule ya bweni, sikuwahi kuchezwa unyago. Nikamwomba bibi aniweke ndani sasa. Kwetu mwali haonwi na mwanaume wala hapangiwi ndoa, na siku ya kumtoa wanaipanga wanawake tu. Baba akawa mpole.

Sikieni balaa sasa...

Dada Yasmin anaishi Mkuza, Kibaha. Kasoma falsafa chuoni, ana kikundi cha kutetea wanawake. Hotuba yake nimeikariri: hakuna aliyezaliwa mke wa mtu, binadamu hujitengeneza kwa anayoyachagua. Naiamini kabisa. Ila kasikia tu mdogo wake kafungiwa, basi. Hakupiga simu, hakuuliza. Kaja yuko laivu mtandaoni, simu mkononi, kavunja komeo, kanivuta mkono hadi uani.

Na uani kakaa nani? Baba, Mwinjuma na mshenga wake!

Baba akatabasamu. "Mwali keshaonwa, basi katoka. Ndoa Ijumaa."

Yasmin akaanza kufoka, mila zetu kandamizi, mdogo wangu hataki...

"Dada, nyamaza," nikasema. "Baba ananiozesha bila kuniuliza. Wewe unanikomboa bila kuniuliza. Tofauti yenu nini?"

Pa kujificha hapakuwepo tena.

"Baba, nisamehe. Sheikh akija kutaka idhini yangu, nitasema hapana mbele ya watu wote."

Mwinjuma akavaa kofia yake, akaaga.

Baba hasemi na mimi mpaka leo. Inaniuma sana.

Jioni ile nikarudi ndani. Ndiyo, mwenyewe! Simkimbii mtu sasa. Nataka nichezwe kama alivyochezwa mama, kisha nitoke niende nitakako. Bibi kacheka, kasema tunaanza upya. Yasmin analia eti nimemwangusha.

Nanyi mnaonitumia pole, acheni. Ukimkuta mwanamke nyuma ya mlango, piga hodi kwanza. Huenda aliyeufunga ni yeye.