Kiti cha Njia ya Kapsokwony

Kila asubuhi Chelagat alikamua ng'ombe, akawasha moto, akamwandaa binti yao Jerono kwenda shule. Kisha aliingia chumbani kumgeuza mumewe. Kipkemei alijifanya amelala. Hakutaka kuona mkewe akiishika miguu yake, miguu ambayo yeye mwenyewe hakuihisi tena.

Hapo awali alikuwa mwendeshaji bodaboda. Alibeba vitunguu na viazi kutoka mashamba ya Kapsokwony hadi soko la Chwele. Siku moja ya mvua pikipiki iliteleza kwenye kona, akaumia uti wa mgongo. Hospitalini Kitale daktari hakumficha. Alimwambia hatatembea tena.

Watu wenye roho nzuri walimpa kiti cha magurudumu. Kwenye sakafu ya wodi kiti kile kilikwenda vizuri sana. Lakini nyumbani kwa Kipkemei hakukuwa na sakafu ya wodi. Kulikuwa na njia ya udongo, mawe na mteremko. Magurudumu mawili ya mbele yalikuwa madogo kama ngumi ya mtoto. Kila alipotoka yalizama.

Kisha baba yake akafariki. Kipkemei alisema lazima amzike. Chelagat na shemeji zake walimsukuma kuelekea boma la mzee. Karibu na mto, gurudumu moja la mbele liliingia kati ya mawe, likavunjika. Kiti kilipinduka. Kipkemei alianguka kifudifudi kwenye tope, akiwa amevaa suti yake ya harusi. Wanaume walimbeba mabegani hadi kaburini. Hakumlilia baba yake siku ile. Alikuwa akiona aibu tu.

Chelagat alipeleka kiti kwa fundi wa kuchomelea. Fundi alikigeuzageuza, akasema chuma chake ni chembamba mno, akikichoma kitatoboka. Chelagat aliulizia beringi ya gurudumu lile Bungoma, akaulizia Kitale. Haikupatikana. Kiti kikawekwa nyuma ya nyumba, kuku wakalala juu yake.

Kipkemei naye akakaa ndani. Wenzake wa bodaboda walipokuja kumsalimia, alisema ana usingizi. Chakula alikigusa tu, akakirudisha. Siku moja Chelagat alipokuwa akimwogesha, aliona kidonda makalioni. Kilikuwa kimeoza, na mwenyewe hakuwa na habari.

"Baba Jerono, mbona hukusema?" Chelagat aliuliza.

"Ningesemaje na sisikii? Wacha tu. Hata huo mwili si wangu."

Chelagat alitoka nje, akakaa karibu na zizi, akalia mahali mumewe hangesikia. Kisha akamwita Viola, mhudumu wa afya wa kijiji. Viola alihakikisha Kipkemei amepelekwa kliniki, kidonda kikatibiwa. Halafu akampigia simu mwanamke aliyeitwa Suad.

Suad alikuwa mhandisi. Alikuwa na karakana Bungoma mjini, karibu na msikiti, na kazi yake ilikuwa kutengeneza viti vya magurudumu. Alipofika, Kipkemei alimgeuzia uso ukutani. Alimwambia kwamba wengine walikuja hivyo hivyo, wakampiga picha na kiti, wakaenda.

Suad hakubishana. Aliomba kuona kiti kilichovunjika. Aliomba pia Chelagat amwonyeshe njia ya kwenda mtoni, kanisani na barabarani. Waliporudi, viatu vya Suad vilikuwa vimejaa tope. Akaketi karibu na kitanda.

"Hiki kiti si kibaya," alisema. "Kimetengenezewa hospitali. Aliyekichora hakuuliza kitatumika wapi, wala kikiharibika nani atakitengeneza. Hayo ndiyo maswali ya kwanza. Kitu kikivunjika halafu kwenu hakuna spea, hata kiwe kizuri namna gani, ni takataka tu."

Alieleza kuwa kwenye njia mbovu, gurudumu la mbele linafaa kuwa kubwa na likae mbele kabisa. Hapo halizami, na kiti hakipinduki kwa urahisi. Magurudumu ya nyuma na beringi ziwe za baiskeli, kwa sababu hakuna soko lisilo na fundi wa baiskeli. Bomba la fremu liwe nene ili fundi yeyote aweze kulichomelea. Nati zote ziwe za kipimo kimoja, spana moja itoshe. Alieleza pia habari ya kidonda. Asiyehisi lazima akalie mto mzuri, ajiinue kwa mikono angalau kila nusu saa, na ngozi yake ikaguliwe kila jioni.

Kipkemei alisikiliza bila kugeuka. Lakini alisikiliza.

Kiti cha majaribio kilipoletwa, alikubali kukalishwa kwa sababu Chelagat alimsihi. Walimshusha njia ya mtoni. Gurudumu la mbele lilipita juu ya mawe. Kwenye mteremko kiti kilishika kasi, Kipkemei akazuia magurudumu kwa viganja mpaka ngozi ikachubuka. Suad alimkimbilia, akakishika.

"Madam, wewe hujawahi kushuka huu mlima na mzigo," Kipkemei alisema. "Breki ya kushika kiti kikisimama haitoshi, bana. Nataka ya kupunguza mwendo, mikono yote miwili. Na uzito uko juu sana. Kishushe."

Suad aliomba radhi, akamwambia achore anavyotaka. Walichora chini kwa kijiti, wakafuta, wakachora tena. Chelagat aliwaletea chai, akasimama pale muda mrefu. Tangu ajali hakuwa amemsikia mumewe akizungumza hivyo.

Kiti cha pili cha Suad kilikuwa cha chini zaidi, chenye breki mbili za kuvuta. Hakikumponya Kipkemei. Bado kuna asubuhi anazojifanya amelala. Bado mvua kubwa ikinyesha haendi popote, na anachukia watu wanaomsemesha kwa sauti ya kuwabembelezea watoto.

Lakini mwezi uliopita alipanda pikapu ya jirani na magunia yao ya vitunguu, akaenda Chwele pamoja na Chelagat. Sokoni gurudumu la nyuma lilipata pancha. Fundi wa baiskeli alilitoa, akaliziba, akalirudisha bila kuuliza lolote, kisha akamwita mteja mwingine.

Mchuuzi mmoja alikuja kuangalia vitunguu. Alivisifu, halafu akamwinamia Chelagat na kumtajia bei ya chini, akidhani mwenye kiti haongei. Kipkemei alijisukuma mpaka kati yao.

"Ongea na mimi," alisema. "Hivyo vitunguu nimevichambua mwenyewe. Kwa bei hiyo ni afadhali nivirudishe nyumbani."

Walibishana hadi wapita njia wakasimama kutazama. Kipkemei alikuwa amekasirika kabisa. Chelagat alijifunika mdomo kwa leso kuficha tabasamu, akamwacha aendelee.